Nilipewa Kuhesabu Watu

Kabla ya mataa, njia panda yetu ya Temeke ilikuwa na trafiki mmoja mnene, mwenye glovu nyeupe zilizofuliwa mpaka zikakosa rangi. Alitujua wote. Ikikaribia magharibi, baba yangu akichomoza kona na kanzu yake na mkongojo, trafiki alinyanyua mkono hata kabla mzee hajafika ukingoni. Magari yakasimama, baba akavuka kwenda msikitini taratibu kama waziri. Madereva walipiga honi mpaka wakachoka. Trafiki alikuwa hawasikii, au alijifanya hawasikii.

Kisha zikaja enzi za ruksa, biashara ya nje ikafunguliwa, na magari ya mitumba yakaanza kumiminika. Kila mwenye ndugu Dubai alileta gari, na kila mwenye gari alitaka kupita kwetu. Trafiki akazidiwa. Siku nyingine nilimwona amesimama katikati ya barabara amekata tamaa, mikono chini, magari yanamzunguka kama hayupo. Ndipo zikaja habari kwamba tutawekewa mataa, tena si mataa ya kuwaka na kuzimika tu. Yatakuwa yanaendeshwa na kompyuta, na kompyuta hiyo ina akili ya kujipangia yenyewe nani apite lini na kwa muda gani. Mtaani wakayaita mataa yenye akili kabla hata nguzo hazijachimbiwa.

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka miwili nyumbani tangu nimalize kidato cha nne. Baba alikuwa ametoka kazini kiwanda chao kilipouzwa, akarudi na godoro, cheti cha utumishi mwema na mtoto wa jicho katika jicho la kushoto. Mama alishatangulia mbele ya haki. Tulikuwa wawili, na katika wawili hao hakuna aliyekuwa na kazi. Kwa hiyo niliposikia kwamba ofisi moja ya barabara inatafuta vibarua wa kuhesabu magari na watu kwa ajili ya hiyo kompyuta, nilikwenda asubuhi na mapema nikiwa wa kwanza mlangoni.

Tulipelekwa kwanza kuiona. Tukavuliwa viatu nje ya chumba, tukaingia kwenye ubaridi wa kiyoyozi, tukaikuta juu ya meza imefunikwa kitambaa cha kufuma, kile cha kutandika kwenye makochi. Msimamizi wetu alikifunua polepole. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole, anayefunga vifungo vyote vya shati mpaka cha shingoni katika joto lile la Dar.

"Mashine hii ina akili ya kupanga," alituambia, "lakini haina macho. Macho yake ni ninyi. Mkiiambia saa fulani watu ni wengi, itawapa watu muda wa kuvuka. Mkiiambia hakuna mtu, itaamini hakuna mtu. Haiwezi kwenda kuchungulia."

Halafu akaongeza kwamba mwenye fomu safi kuliko wote atafikiriwa kazi ya kudumu. Niliposikia hivyo sikusikia tena kingine. Nilikuwa nikiona tu sura ya baba nikimwambia nimeajiriwa.

Njia panda ikawa yetu sisi wawili. Mwenzangu alikaa upande wa pili kuhesabu magari, mimi nikapewa watu. Kila anayevuka kwa miguu nilimchorea kijiti, vijiti vinne na cha tano kinavikata, na fomu ilikuwa na visanduku vya robo saa robo saa, kuanzia saa nane mchana mpaka saa moja na nusu jioni. Nilibeba kiti kutoka nyumbani. Siku ya kwanza nilichora vijiti vilivyonyooka kiasi kwamba msimamizi alipopita aliiinua fomu yangu akawaonyesha wengine.

Sasa, zoezi lile liliangukia mwezi wa Ramadhani. Mhandisi mgeni aliyekuja na mashine hakujua Ramadhani inafanya nini kwenye barabara ya Temeke, na sisi tuliojua hatukusema. Kila mmoja alidhani wakubwa wameshalifikiria. Na kibarua ukianza kuwafundisha wakubwa kazi, ujue unatafuta njia ya kurudi nyumbani. Tukanyamaza, tukahesabu.

Siku hiyo ya kwanza nilipanga kufuturu palepale kwenye kiti, kwa tende tatu na chupa ya maji. Adhana ilipolia tu, mama wa nyumba iliyokuwa nyuma yangu akatokeza.

"We binti, unafuturu barabarani kama huna kwenu?"

"Niko kazini, mama."

"Kazi gani ya magharibi? Njoo, usinitie dhambi."

Mwitaji wa futari hakataliwi. Nikaingia ukumbini, nikakaa mkekani na binti zake. Palikuwa na uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, magimbi, na tambi zilizokaangwa kwa sukari na iliki. Kupitia mlango wazi nilikiona kipande kidogo cha barabara, na kwenye kipande hicho hapakupita mtu. Niliporudi kwenye kiti, visanduku vitatu vilikuwa vitupu, na giza limeshaingia. Nikajiambia kwamba mji mzima uko kwenye futari, nani atavuka? Nikaandika sifuri, sifuri, sifuri.

Siku ya pili nilikwenda bila kuitwa. Siku ya tatu sikuchungulia mlangoni. Baada ya hapo, nakiri, nilikuwa naziandika zile sifuri kabla ya adhana, ili nikirudi na mikono yenye nazi nisichafue fomu.

Na hapa niseme wazi, maana nimejidanganya miaka mingi. Nilijua kuna watu. Wanaume hawafuturu wakajilaza. Wanaonja tende, wanapiga maji funda mbili, wanakimbilia swala, maana magharibi wakati wake ni mfupi. Msikiti uko ng'ambo ya barabara, na kila jioni walivuka kwa makundi. Baba yangu mwenyewe alikuwa mmoja wao. Nilikuwa nikila mihogo ya watu huku baba yangu anapita barabarani, na karatasini nimeandika kwamba hakuna mtu.

Idd ikapita, nguzo zikasimikwa, na siku moja mataa yakawaka. Watu walijazana kuyatazama kana kwamba ni harusi. Trafiki wetu akahamishiwa kwingine. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la kahawa na wenzake, na ilikuwa haipiti nusu saa bila kusema, "Mwanangu ndiye aliyeifundisha taa ile." Wakimtania kwamba taa haifundishwi, anawajibu, "Nyie hamjui. Haina macho. Macho yake ni huyu." Alikuwa amekariri maneno ya msimamizi kutoka kwangu, na aliyasema kwa fahari ambayo ilinifanya niinamishe kichwa.

Mchana kutwa mataa yalikwenda vizuri. Yule mtu mdogo wa kijani, wa kwenye taa ya wavukao kwa miguu, alikuwa anakaa muda wa kutosha hata kwa mwenye mkokoteni. Lakini ilipofika saa kumi na mbili na robo jioni, yakabadilika tabia. Mtu wa kijani akawaka, akazimika. Aliyekuwa ametia mguu barabarani akaurudisha. Watu wakacheka, wakadhani ni hitilafu. Wakangoja. Akawaka tena, akazimika tena, na magari yakaachiwa muda mrefu, mrefu mno.

Nilijua pale pale, bila kuambiwa na mtu, kwamba ile mashine imeniamini. Imeambiwa saa hii hakuna mtu, basi inampa huyo asiyekuwepo zile sekunde chache za lazima. Ikaendelea hivyo mpaka saa moja kamili, visanduku vyangu vitatu, kisha ikarudiwa na fahamu.

Baba alivuka jioni ile akiwa ameshikwa mkono na jirani. Kesho yake jirani hakuwepo.

Sijui kama nimewahi kuogopa vile tena maishani. Kuanzia saa kumi nilikuwa siwezi kushika kitu. Nilikuwa naunguza mchele, nasahau chumvi, naosha sufuria ile ile mara mbili. Ikifika saa kumi na mbili nimeshajitanda khanga niko ukingoni mwa barabara, namsubiri mzee atokeze kona. Vijana walikuwa wanavuka kwenye nyekundu, wanakwepa magari wanakimbia, swala isiwapite. Baba hakuwa wa kukimbia. Alisimama, akamngoja mtu wa kijani, akamwona akiwaka, ndipo akatia mguu. Akifika katikati, taa imeshageuka. Nilikuwa namkimbilia namshika kiwiko, namvuta, na yeye ananikemea kwa kumharakisha.

"Sali nyumbani, baba, japo kwa siku hizi chache," nilimwambia.

"Nisali nyumbani na miguu ninayo?"

"Basi vuka na wenzako, wanapovuka wote."

Akanitazama kwa lile jicho zima. "Wanavuka kwenye nyekundu wale. Serikali imeweka taa, wewe mwanangu umekaa kwenye jua na saumu yako ukaihesabia, halafu mie niivunje? Hapana."

Nilirudi jikoni nikalia.

Wakati huo kulikuwa na mgao wa umeme, na watu walikuwa wanautukana kila walipokutana. Temeke nzima ni mimi peke yangu niliyekuwa nauombea. Umeme ukikatika jioni, mataa yanakufa, na madereva wenyewe wanakwenda kwa tahadhari, wananyoosheana mikono, wanapishana. Nikisikia mtaa umepiga yowe la giza, moyo wangu ulitulia. Nilifika mahali pa kuona giza ni rehema, nikajiogopa.

Kitu gani kilinizuia kusema? Kazi. Msimamizi alikuwa ameniita akanieleza kwamba majina yameshapelekwa juu na langu limetangulia, barua zitatoka mwisho wa mwezi. Nikisema zile fomu safi ni za uongo, barua itakwenda kwa mwingine, na tutabaki na cheti cha baba cha utumishi mwema ukutani. Kila usiku nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikifika najiambia nisubiri barua kwanza, nikishaajiriwa nitarekebisha nikiwa ndani. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi methali ile niliijua tangu darasa la tatu.

Nikatafuta ujanja wa katikati. Kwa jioni tano nilihesabu upya kwa siri, kwenye karatasi za daftari, saa ile ile ya magharibi. Kalamu ilikuwa haikauki. Walivuka wanaume wa msikitini, wanawake wanaotoka sokoni Tandika, mafundi wanaorudi kutoka viwandani, watoto wa madrasa na misahafu yao kifuani. Nikazibeba zile karatasi mpaka ofisini.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Barua bado, binti."

"Sikuja kwa barua. Nimeleta hesabu ya nyongeza, ya kwetu, ya jioni."

Akazipokea, akazipitia. Akafungua kabati, akatoa fomu zangu za awali, akaziweka pembeni mwa zile karatasi. Akatazama huku, akatazama huku.

"Hapa umeandika hakuna mtu. Huku watu ni tele."

"Ile ilikuwa Ramadhani, bosi. Watu walikuwa wanafuturu."

"Ramadhani ilikuwa ya wote. Wenzako wote wa njia panda nyingine walihesabu mwezi ule ule, na saa hiyo wana watu. Wachache, lakini wapo. Kwako hakuna hata mmoja. Siku zote." Hakupandisha sauti. "Kufungua hesabu iliyokwisha kuingizwa nahitaji sababu ya kumwandikia yule mhandisi. Nimwandikie nini?"

Alikuwa ananipa nafasi, sasa ndiyo naelewa. Wakati ule niliona mtego. Nikasema huenda siku zile watu walivuka mahali pengine. Akaziviringisha karatasi zangu, akanirudishia.

"Ukikumbuka sababu, njoo."

Jioni ile nilichelewa. Nilirudi kwa miguu kutoka ofisini nikiwa na hasira na kila mtu isipokuwa mimi niliyestahili hasira hizo, na nilipofika karibu na njia panda adhana ilishaanza. Nikamwona baba akiwa mbali. Alikuwa amesimama ukingoni peke yake, vijana wameshavuka. Mtu wa kijani akawaka. Baba akatia mguu.

Nilikimbia. Khanga ilinivuka, nikaiacha barabarani. Taa ilikuwa imeshageuka, na lori la mchanga lililokuwa likisubiri likaondoka kwa kishindo, dereva anatazama taa yake ya kijani kama alivyofundishwa. Nilinyanyua mikono yote miwili mbele ya lile lori, nikapiga kelele nisiyojua ni neno gani. Breki zikalia. Lilisimama likiwa limemgusa baba begani, akaanguka upande, mkongojo ukaruka mpaka mtaroni.

Alikuwa hai. Alikuwa amechubuka kiwiko na kanzu imechanika, basi. Lakini watu walishajaa, na mnaijua Dar. Mmoja alishafungua mlango wa lori, wengine wanaokota mawe. Baba akanyanyua mkono akiwa bado amekaa chini.

"Mwacheni dereva. Kapewa kijani. Hana kosa."

"Basi taa ndiyo yenye kosa," mtu mmoja akasema. "Tuing'oe hii."

"Wala taa haina kosa," baba akasema, na alikuwa anahema. "Mie ndiye mzito wa miguu. Mwanangu kakaa hapa mwezi mzima kawahesabu nyote, mmoja mmoja. Hajamwacha mtu."

Nilikuwa nimepiga magoti pembeni yake namfuta damu. Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua, na msimamizi mwenyewe alikuwa anangoja tu. Lakini lile neno, hajamwacha mtu, sikuweza kuliacha lipite.

"Sikuwahesabu, baba," nikasema. "Saa hii sikuwa nahesabu. Nilikuwa naondoka nakwenda kufuturu, naandika hakuna mtu."

Baba alinigeukia, akawa ananitafuta uso kwa jicho lake zima.

"Siku ngapi?"

"Zote."

Sauti ya muadhini ilikuwa imeshakoma, na ng'ambo walikuwa wanakimu swala.

"Na mie?" akauliza. "Nilikuwa napita hapa kila siku. Na mie hukuniandika?"

"Na wewe, baba."

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Aliomba kofia yake, akaikung'uta, akaivaa. Kisha akanyoosha mkono, si kwangu, kwa kijana mmoja asiyemjua, akamwambia, "Nivushe, mwanangu, magharibi inanipita." Wakavuka wawili, nami nikabaki na mkongojo wake.

Asubuhi yake nilimweleza msimamizi kila kitu, mpaka ile mihogo. Alisikiliza akiwa ameshika kalamu bila kuandika.

"Ungesema jana," akasema.

"Ningesema jana ungenipa kazi?"

Akafungua droo akatoa fomu tupu. Alisema nihesabu upya wiki nzima, kwamba ataomba trafiki arudishwe kwa saa ile mpaka mashine ipewe hesabu mpya, na kwamba barua ile niisahau. Ikaenda kweli kwa mwingine. Mataa nayo yalikuja kurekebishwa baadaye, na mpaka nahama Temeke, saa za magharibi mtu wa kijani alikuwa anakaa hata mtambaaji avuke.

Ila mimi ninayoikumbuka ni jioni ya kwanza ya kuhesabu upya. Siku nzima baba alikuwa hajasema nami zaidi ya kuitikia salamu. Nilikuwa kwenye kiti changu, fomu magotini, trafiki mgeni katikati ya barabara. Adhana ikalia, watu wakaanza kuvuka, mimi nachora. Baba akatokeza kona. Hakwenda ukingoni. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipokaa, akasimama mbele yangu.

"Umeniandika?"

"Bado hujavuka, baba. Ukishavuka ndiyo naandika."

"Andika kwanza."

Nikachora kijiti. Akainama, akauleta uso wake mpaka ukaribie kugusa karatasi, akakitafuta kwa kidole na lile jicho moja mpaka akakiona. Ndipo akavuka.